Makofi Katika Wimbo wa Mwalimu Bichage

Mimi si mtu wa kunyamazia mambo, na ndiyo maana kisa hiki bado kinaniuma. Nina saiba hapa Rodi Kopany, kompyuta nne na printa moja yenye tabia zake, na kazi yangu ni kuwatolea watu vitu ambavyo serikali imeviweka mtandaoni ikasahau kuwafundisha kuvitoa. Ukija na haraka, nitakuambia haraka yako ni yako. Ukisimama nyuma ya bega langu ukinionyesha herufi ilipo kwenye kibodi, nitainuka nikuachie kiti uchape mwenyewe. Watu wamenizoea. Wanasema Risper ana mdomo lakini kazi yake ni safi, na hilo la kazi safi ndilo lililoniponza.

Kanisani ninaimba alto. Sisi ni Wasabato, na kwaya yetu ya watu thelathini ilianzishwa na Mwalimu Bichage, aliyefundisha shule ya msingi hapa kwetu miaka ishirini na miwili kabla ya kustaafu na kuhamia Migori kwa binti yake Sheila. Huyo mzee alitufundisha solfa, zile noti za do-re-mi, kwa fimbo. Nasema kwa fimbo na ninamaanisha fimbo, alama yake bado iko kwenye goti langu la kushoto. Kwaya nyingine hujifunza wimbo kwa kuusikia kwenye simu. Kwetu, kama karatasi imesema mi, utaimba mi hata kama jiko linaungua.

Na alikuwa mkali wa ibada pia. Mwaka mmoja aliishusha jukwaani kwaya ya wageni kwa sababu walitikisa mabega kwenye ubeti wa pili. Makofi ndiyo usiseme. Kanisani kwetu ukifurahi sana unasema Amina, ukizidiwa kabisa unapunga mkono. Makofi ni ya harusi na wanasiasa.

Sasa, Mwalimu Bichage ametunga nyimbo miaka arobaini, na miaka arobaini kamati ya makambi, ile mikutano yetu mikubwa ya kila mwaka, imekuwa ikimrudishia. Mara ni ndefu, mara ni ngumu, mara moja walimwandikia kwamba wimbo wake una kimya kingi mno. Mwaka huu, akiwa na miaka sabini na minne, wimbo wake mmoja ulikubaliwa uimbwe Sabato ya mwisho ya makambi kule Homa Bay, na kwaya yake ya zamani ndiyo iuimbe. Alikuwa ameutunga baada ya kumzika mkewe, Mama Sheila. Sheila alitupigia akatuambia wazi kwamba baba yake hana haja ya kitu kingine duniani, anataka tu kuusikia huo wimbo ukiimbwa na watu, mara moja, kama alivyouandika.

Aliuchapa mwenyewe, kwa kidole kimoja, kuanzia Januari mpaka Juni. Mwanafunzi wake wa zamani alimtengenezea fonti, yaani seti ya herufi za kompyuta, yake maalumu ya solfa, yenye vile vijistari vya chini ya herufi vinavyoshusha sauti, na yenye alama ya kunyamaza. Alipomaliza akanitumia PDF kwa barua pepe, na ujumbe wa mstari mmoja tu: imbeni kama ilivyoandikwa.

Nilifungua hiyo faili siku ya soko, foleni imefika mlangoni. Skrini ikatoa kijisanduku cha onyo kwa Kiingereza, fonti fulani haipo, baadhi ya maandishi huenda yasionekane sawasawa. Nani husoma hayo mambo? Kompyuta huonya kila kitu, inaonya mpaka ukitaka kuizima. Nikabonyeza OK. Nikatoa nakala thelathini, nikazibana pini, nikampigia simu Jeff, kiongozi wa kwaya, aje azichukue.

Jioni hiyo kwaya ikakutana na viboksi. Kila baada ya mistari kadhaa, mahali pasipo na neno wala noti, kulikuwa na kiboksi kidogo cheusi kando, cheupe ndani. Vilikuwa saba. Jeff alizigeuza karatasi, akazisogeza dirishani, akafungua PDF ileile kwenye simu yake, na huko pia viboksi vilikuwapo. Basi akasema hiyo si kasoro ya printa, ndivyo Mwalimu alivyoandika. Jeff ana diploma ya muziki, na mtu mwenye diploma hawezi kusema hajui. Akatuambia kwamba katika muziki wa kisasa alama ya namna hiyo, isiyo na sauti lakini yenye mapigo, ni kofi.

Tukamwita Mzee Obare, mzee wa kanisa, akaja akavaa miwani, akavihesabu viboksi kana kwamba ni kuku wake. Akauliza mara tatu kama ni kweli karatasi imetoka kwa Bichage mwenyewe. Nikasema imetoka kwake, mimi ndiye niliyeifungua. Scovia, jirani yangu kwenye alto, akasema huenda huko Migori Mwalimu amepata nuru mpya. Mzee Obare akafikiri, akasema kama Bichage, ambaye aliwashusha wageni kwa ajili ya mabega, ameandika makofi, basi yeye Obare ni nani wa kuyafuta.

Wiki ya kwanza tulipiga makofi ya aibu, kama mtu anayeua mbu kwenye chumba cha wagonjwa. Wiki ya pili mikono ikapata raha. Wiki ya tatu, yawa, tulikuwa tumewaka. Wenye maduka walikuwa wakitoka kusimama nje ya kanisa kusikiliza. Scovia aliongeza na kisigino. Mimi mwenyewe, sitadanganya, nilikuwa nikiyangoja makofi kuliko nilivyoungoja wimbo. Wanaume wa besi pekee ndio walioteseka, kwa sababu vijistari vya kushusha sauti navyo vilikuwa vimepotea. Walikuwa wakiimbia huko juu pamoja na wale wa sauti ya tena, mishipa ya shingo imewatoka, mmoja akaanza kunywa asali asubuhi na jioni. Lakini karatasi ilisema hivyo, na wao ni wanafunzi wa Bichage.

Jumatano, siku tatu kabla ya kuimba, Mwalimu alikuja kutusikiliza. Alikaa benchi la mbele, kofia magotini, na Sheila kando yake. Tukaanza vizuri. Tulipofika kiboksi cha kwanza, tukapiga kofi moja la watu thelathini. Mzee aliruka kwenye benchi. Cha pili, akamtazama Sheila. Cha tatu, Scovia akaleta kisigino. Hakutukatiza, alingoja mpaka mwisho, besi wakimalizia kwa kilio. Kisha akavaa kofia yake.

"Huu wimbo mmeutoa wapi?" akauliza.

Jeff akamwonyesha karatasi. Mzee aliitazama kwa muda, macho yake si mazuri tena, akasema yeye hajaandika hivyo. Jeff, kwa adabu zote, akafungua simu akamwonyesha na PDF. Nikasikia mtu nyuma kwenye mstari wa tena akinong'ona kwamba uzee ni kitu kibaya, mzee amesahau alichoandika. Nadhani naye alisikia. Alisema basi, wimbo tusiuimbe, kamati itafute mwingine, akatoka akiwa ameushika mkono wa Sheila. Jioni hiyo alifunga laptopu kwenye kabati na ufunguo akautia mfukoni, na simu hakushika tena.

Watu wote walimlaumu yeye. Kwa upole, kwa huruma, wakitikisa vichwa, lakini yeye. Na mimi, mwenye mdomo, nilirudi nyumbani bila kusema neno, kwa sababu nilikuwa nimekikumbuka kile kijisanduku cha onyo.

Alhamisi asubuhi nilifunga mlango wa saiba nikaishughulikia ile faili. Kwanza nilizima kompyuta nikaiwasha, kwa sababu ndivyo ninavyowaambia wateja na nilitaka kuona kama huwa nawaambia ukweli. Viboksi vikabaki. Nikaifungua kwa programu nyingine, viboksi vikawa alama za kuuliza. Nikaifungua kwenye kivinjari, na pale ndipo solfa yote ikageuka vijimaua na mikasi. Nikatafuta fonti yenye jina linalofanana mtandaoni, nikaipakua, nikaiweka, wimbo ukatoka kwa mwandiko wa kadi ya harusi na viboksi vyake vilevile saba. Nikaitukana. Mteja alibisha hodi akitaka kutoa cheti cha kuzaliwa, nikamwambia akazaliwe kesho.

Nilipoacha hasira ndipo nikafanya jambo ambalo ningepaswa kulifanya siku ya kwanza: nikaangalia maelezo ya faili, kwenye orodha ya fonti zilizotumika. Zilikuwa mbili. Moja, ya maneno ya wimbo, iliandikwa kwamba imo ndani ya faili. Ya pili, ile ya solfa, haikuwa na maelezo hayo. Nikaelewa. Mwalimu alipohifadhi wimbo wake, maneno yalisafiri na nguo zao, noti zikaja uchi. Kompyuta yake ilikuwa na nguo za kuzivika. Yangu haikuwa nazo, wala simu ya Jeff, wala mashine nyingine yoyote ulimwenguni, kwa kuwa fonti ile ilitengenezwa kwa ajili ya mtu mmoja. Kwa hiyo zilivikwa chochote kilichokuwa karibu, na pasipo na kitu zikapewa kiboksi.

Dawa ilikuwa moja: kuifikia laptopu yenyewe, nihifadhi faili upya na fonti ikiwa ndani. Nikampigia Sheila. Akasema laptopu imefungiwa, mzee hali vizuri, hasemi, na kama nina jambo nije nimwambie mwenyewe. Mchana nikawa Migori.

Nilimkuta sebuleni, daftari lake la nyimbo mezani. Nilikuwa nimepanga maneno njiani, maneno mazuri tu. Nilimweleza habari ya fonti, kwamba hakukosea hata nukta moja, kwamba kompyuta yangu haikuwa na maandishi yake ikaweka viboksi, na Jeff akaviita makofi. Alinisikiliza kama alivyokuwa akisikiliza watoto wakikariri kuzidisha kwa saba. Aliposikia habari ya makofi mdomo wake ulicheza kidogo, nikadhani tumepona.

"Na hiyo kompyuta," akasema, "haikukuonya?"

Mwalimu ni mwalimu. Nilikuwa darasa la nne tena, goti likaanza kuwasha.

"Hapana, Mwalimu," nikasema.

Alinitazama. Kisha akatoa ufunguo mfukoni, akampa Sheila.

Kazi yenyewe ilichukua dakika chache. Nilifungua wimbo wake, nao ulikuwa umekaa pale umependeza, herufi na vijistari vyake, na mahali pa viboksi hapakuwa na kiboksi chochote, palikuwa na kialama kidogo chembamba na nafasi nyeupe baada yake. Nikaenda mahali pa kuhifadhi PDF, nikaweka tiki kwenye sehemu inayoamuru fonti zote ziingie ndani ya faili. Nikajitumia kwa simu, nikaifungua hapohapo, na kwenye simu yangu wimbo ukatoka vilevile kama kwenye laptopu. Nikampelekea mzee simu. Aliishika karibu na pua, akapitisha kidole mpaka akazihesabu zile nafasi za kimya zote saba.

Aliniambia jambo moja tu kabla sijaondoka, kwamba noti tukikosea atavumilia, besi wakipotea atavumilia, lakini zile nafasi saba tuziache wazi, tusitie chochote. Nikaahidi. Nilirudi nyumbani na faili nzuri na uongo wangu mkubwa kama gunia la mahindi.

Ijumaa nilitoa nakala mpya, na tukafanya mazoezi mchana kabla jua halijazama na Sabato kuingia. Ninyi hamjui kazi ya kuondoa kofi mwilini mwa mtu. Tulipofika nafasi ya kwanza, nusu ya kwaya ilipiga. Jeff, ambaye kwa siku mbili alikuwa hataji diploma yake, akaamuru kila mtu ashike karatasi kwa mikono yote miwili. Scovia akasema mikono ataiweza ila kisigino hakimsikii, akaambiwa avue viatu. Mabesi walipoona vijistari vyao vimerudi, yule wa asali alikaribia kulia. Mimi niliimba nikitazama chini. Wote waliniuliza ilikuwaje, nikajibu ni mambo ya fonti, mambo ya kompyuta, na kwa kuwa mimi ndiye ninayejua kompyuta, wakatosheka.

Sabato alasiri, kule Homa Bay, hema lilijaa mpaka watu wakasimama nje wakishika kamba. Mwalimu Bichage alikaa mstari wa kwanza na Sheila, suti ya kahawia, kofia magotini. Tukapanga mistari yetu. Habari ya makofi ilikuwa imetutangulia, maana watu wa Rodi hawawezi kuficha kitu, na niliwaona akina mama wakinong'onezana na kututazama mikono.

Mzee Obare alishika kipaza sauti kututambulisha. Ni mtu mwema, na alitaka kuondoa minong'ono. Akasema wimbo mtakaousikia ni wa mwalimu wetu mpendwa, ambaye sasa ni mzee, macho yamepungua, akili nayo ina safari zake, aliandika makofi mahali pasipo makofi, lakini tumsamehe, vijana wamekwisha kumsahihishia. Hema lote likacheka, kicheko kizuri tu cha kumpenda mzee. Sheila akainua kichwa. Mwalimu hakuinua. Aliigeuza kofia yake magotini, akaigeuza tena, akaikubali lawama.

Pale ndipo moyo wangu ulipowaka. Nilijichukia, jamani, niseme nini kingine. Nimewahi kugombana na chifu kwa ajili ya stempu. Nimewahi kumrudisha mteja kutoka stendi kwa sababu ya neno moja baya alilonisemea. Na mzee huyu, aliyenifundisha kusoma, nilikuwa nimemwacha abebe ujinga wangu mbele ya watu elfu. Nilitoka kwenye mstari wa alto, Scovia akanivuta sketi, nikaichomoa. Nikachukua kipaza sauti mkononi mwa Mzee Obare, na yeye kwa mshangao akakiachia.

"Mwalimu hakukosea kitu," nikasema. "Kompyuta yangu ilinionya kwamba haiwezi kuonyesha maandishi yake. Sikusoma, nikabonyeza OK. Makofi ni yangu. Halafu alipouliza kama nilionywa, nikamdanganya machoni."

Nikamrudishia Mzee Obare kipaza sauti chake na kurudi mahali pangu. Hakuna aliyecheka. Nilipomtazama Mwalimu, alikuwa ameacha kuigeuza kofia.

Jeff akainua mkono, tukaimba. Sijui niwaambieje. Besi walishuka mahali pao, na wimbo ambao kwa wiki tatu ulikuwa ukipiga kelele ukawa na sakafu. Tulipofika nafasi ya kwanza tukanyamaza, na hema likanyamaza nasi, ikasikika turubai ikipigwa na upepo wa ziwani, kisha soprano wakaendelea. Nafasi ya pili. Ya tatu ilikuwa ndefu zaidi kwenye karatasi, na Jeff, kwa woga wa kimya, akatuingiza mapema kidogo. Ya nne mpaka ya saba zikaenda sawa. Tulipomaliza, Amina ya kwanza ikatoka mbali nyuma, na nyingine zikaifuata.

Tuliposhuka, Mwalimu aliniita kwa kidole, kama zamani. Nikapiga magoti karibu na kiti chake nikingoja dhoruba, na nilikuwa nimeistahili. Wala hakutaja habari ya uongo.

"Ya tatu mmeikata," akasema.

Nikamwambia ni kweli, Jeff aliogopa kidogo.

"Mama Sheila alikuwa na pumu," akasema. "Alikuwa akiimba jikoni, na mara saba ilimbidi asimame avute pumzi. Nilihesabu miaka mingi. Pale pa tatu alikuwa akichelewa. Nilikuwa nikiacha ninachofanya, nikisimama mlangoni, nikimngoja."

Alikuwa akinitazama kwa yale macho yake mabovu, yakiwa yamelowa. Nikainuka nikamfuata Jeff, ambaye alikuwa amekwisha kuanza kukusanya karatasi, nikamwambia asimruhusu mtu yeyote aondoke, tunarudi jukwaani tuimbe tangu mwanzo.